Fundi nimeletewa baiskeli yenye matairi kama ya Bajaji, wanasema ni ya kuendeshea kwenye theluji. Mwenye uzoefu aje

Fundi_Majengo

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi baiskeli hapa Majengo, Moshi, huu mwaka wa ishirini na sita. Phoenix, Swala, mtumba za gia, zote zimepita mikononi mwangu. Wiki iliyopita kijana mmoja anayepeleka wageni mlimani kaniletea kitu ambacho sijawahi kukishika. Ni baiskeli, sibishi, lakini ukiitazama kwa mbali utadhani mtu kang'oa matairi ya Bajaji akayafunga kwenye fremu. Ubavuni imeandikwa 26 x 4.8. Yaani upana ni inchi nne na nukta nane! Rimu nayo imetobolewa matundu makubwa makubwa, ndani unaona utepe mwekundu wa kitambaa. Anasema kaachiwa na mgeni aliyemaliza safari, na kwao hizi wanaziendesha kwenye theluji, tena wanashindana.

Kazi yenyewe ni ndogo, tairi la nyuma limeisha upepo. Nimefungua nikakuta tyubu imechanika pale kwenye valvu. Saizi hiyo soko la Memorial nimezunguka, la Kiborloni nimezunguka, hakuna. Nikachukua tyubu ya kawaida ya 26, ile pana kidogo, nikaisukumiza humo. Ikakubali. Nikaenda kwa jirani mwenye kompresa, nikajaza kama ninavyojaza siku zote, mpaka kidole gumba kigome. Arobaini na kitu hivi za PSI, kile kipimo cha geji ya upepo.

Nikaipanda kuijaribu, inadunda kama mpira wa kikapu. Jiwe dogo tu linanirusha. Nikasema labda ndivyo zilivyo, nikairudisha bandani, nikaiegemeza pale panapopiga jua. Saa nane mchana, PAAA! Mama wa chipsi hapo jirani karusha mwiko, wateja wamelala chini. Tairi limeruka kwenye rimu, tyubu imebaki matambara.

Naomba msaada kabla mwenye mali hajaja. Nimekosea wapi?

Chalii_wa_Sakina

Fundi umetega bomu Majengo 😂😂 Sisi wa Chuga, Arusha, tunasema kila siku, watu wa Moshi mkipewa kitu lazima mkijaze mpaka pomoni. Nimevuta kigoda, nasubiri wenye akili.

Mama_Kelvin_Rau

Pole sana fundi, na huyo mama wa chipsi mpe pole yake. Mimi swali langu ni moja: hiyo ingebeba mikungu mingapi ya ndizi kutoka Rau hadi Mbuyuni? Maana naona tairi limenona.

Mangi_wa_Duluth

Shikamoo fundi. Mimi mtoto wa Kibosho, nipo Duluth, Minnesota, Marekani, hii ni winta yangu ya nane. Hizo baiskeli wenyewe wanaziita "fatibaiki", mimi naziita tairi nene. Naipanda yangu kuanzia Novemba mpaka Aprili. Ndiyo iliyoninusuru, maana huku mwezi wa kumi na mbili saa kumi na nusu jioni ni giza, ukikaa ndani unaanza kuongea na jokofu.

Kosa lako ni moja tu na mimi nililifanya hilohilo nilipofika: umejaza upepo. Tairi hilo halijazwi mpaka kidole kigome. Soma ubavuni, kuna mahali pameandikwa kiwango cha mwisho, mengi ni 20 au 30. Na hicho ni kikomo, si cha kutumia. Kwenye lami weka 12 mpaka 15. Vumbi na mchanga, tano mpaka saba. Theluji iliyoshindiliwa, tano mpaka nane. Theluji laini iliyoanguka usiku, tatu. Kuna siku nimeendesha na mbili. Ndiyo, mbili! Geji yako ya gari haisomi huko chini, mshale hauamki hata kidogo.

Watu wakisikia theluji wanafikiria barafu ya kwenye friza. Hapana. Theluji ni kama unga wa sembe uliomwagwa sakafuni unene wa goti. Ukija na tairi jembamba lililojaa, linakata kwenda chini mpaka likute udongo, na wewe unabaki umesimama kama uliyepanda mti. Tairi pana lenye upepo mdogo linajilaza. Linatandaza uzito wako juu ya eneo kubwa, kama wayo wa wale ngamia wa Mkuru. Na likijilaza meno yake mengi zaidi yanashika.

Namna ya kupima bila geji: mtu akae juu ya baiskeli, wewe tazama kwa nyuma. Pale chini panapogusa ardhi tairi liwe limetanuka kidogo, kama andazi lililokaliwa. Ubavuni uone mikunjo midogo midogo inaanza. Likitanuka sana mpaka rimu inakaribia ardhi, umepitiliza.

Ile tyubu ya kawaida uliyoweka haikuwa kosa. Hata huku wapo wanaoweka tyubu za saizi ndogo ili kupunguza uzito. Kilichokulipua ni zile arobaini na jua la Moshi.

Fundi_Majengo

Marahaba mdogo wangu, ubarikiwe. Yaani miaka ishirini na sita nimewagombeza watoto wa watu, "jaza upepo unaua rimu", leo naambiwa punguza.

Sasa niambie, hawa watu walianzaje? Nani alikaa akafikiria kupeleka baiskeli kwenye theluji?

Mangi_wa_Duluth

Mafundi kama wewe, kaka. Alaska, mwaka 1987, kulikuwa na mbio zinaitwa Iditabike kwenye njia ya sleji zinazovutwa na mbwa juu ya theluji. Watu walikwenda na baiskeli za kawaida za milimani wakawa wanasukuma kuliko wanavyopanda. Basi wakaingia gereji. Wapo waliochukua rimu mbili wakaziunganisha ubavu kwa ubavu na kufunga matairi mawili pamoja. Fundi mmoja wa Fairbanks, Simon Rakower, akatengeneza rimu ya milimita 44, akaiita Snowcat, na kwa wakati ule ilionekana pana kama sinia.

Kule kusini mwa Marekani, New Mexico, kwenye jangwa, Ray Molina alikuwa anatengeneza rimu za zaidi ya milimita 80 kwa ajili ya kupita kwenye mchanga. Wa mchanga na wa theluji wakakutana, wakagundua ugonjwa wao ni mmoja. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya hapa Minnesota ikaanza kuuza Pugsley, tairi la inchi 3.7, ndipo mtu wa kawaida akaweza kuingia dukani akatoka nayo. Leo 4.8 kama hiyo ya mgeni wako ni kawaida kabisa.

Kwa hiyo Mama Kelvin, hiyo ina ndugu wa mchanga, haitashangaa vumbi la Rau. Mikungu minne itabeba, ila miguu yako ndiyo italia. Ni nzito kuzungusha.

Mzee_wa_Pasua

Samahanini wanangu, hiyo kitu bei gani huko? Isije ikawa tunajadili gari hapa.

Mangi_wa_Duluth

Shikamoo mzee. Mpya ya kawaida ni kama dola elfu moja na kuendelea, za mashindano hata elfu tano zinafika. Yangu niliinunua mtumba kwa jirani aliyeumwa goti.

Mzee_wa_Pasua

Marahaba. Basi ni gari.

Mwalimu_Fizikia

Nimesoma nikakumbuka kitu. Fundi, nisikilize, hii inakuhusu na inamhusu huyu ndugu wa Duluth pia.

Upepo ndani ya tairi unafuata joto. Ukijaza ukiwa ndani, nyuzi 20, geji inasoma 8, halafu ukatoka nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, hakuna tundu wala kiraka kilichoachia lakini geji itasoma nne na nusu hivi. Karibu nusu imepotea! Kwa tairi la gari lenye 30 sehemu inayopotea ni ndogo zaidi, haifiki hata robo, kwa sababu hewa ya nje nayo inahesabiwa, kama 14.7 hivi usawa wa bahari. Ila kwa tairi la nane ni msiba.

Na kinyume chake ndicho kilichotokea bandani kwako. Jua likapiga tairi jeusi, upepo ukapanda juu ya arobaini zilizokuwa zimeshapitiliza.

Mangi_wa_Duluth

Mwalimu umenigusa kidonda. Ngoja nieleze, maana nimejificha miaka mitatu.

Kuna mbio huku kaskazini zinaitwa Arrowhead 135. Zinaanzia International Falls, mpakani na Kanada, mji ambao wenyewe wanajisifu kuwa jokofu la taifa. Ni mwishoni mwa Januari. Maili 135, ambazo ni kilomita 217, mpaka karibu na Tower. Unapewa saa 60. Unachagua baiskeli, skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) au miguu yako, na hakuna wa kukubebea mzigo. Mgumu, yaani mpagazi kama wale wa mlimani kwetu, hakuna huko, wewe ndiye mgumu. Lazima uwe na mfuko wa kulalia wa baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri, jiko na mafuta yake, sufuria, kiberiti, taa nyekundu za kumetameta, filimbi imening'inia shingoni, na chakula cha kalori 3,000 ambacho unatakiwa umalize nacho mbio. Hukili! Ni cha siku utakayolala porini. Filimbi niliicheka. Baadaye nikaelewa kwamba mtu aliyeganda midomo hawezi kuita "nisaidieni".

Usiku wa kuamkia mbio nikajaza matairi chumbani hotelini. Nane kamili, kwa raha zangu, nimevaa kaptula. Asubuhi nje ni 27 chini ya sifuri. Tukaondoka. Baada ya saa moja naona kama navuta gunia la mahindi. Natazama tairi, limelala. Akili yangu ya Kibosho ikaniambia: tairi limeisha upepo, jaza. Nikasimama, nikatoa pampu ya mkono, nikapiga, nikapiga, nikapiga. Nikarudi juu ya baiskeli nimetota jasho.

Hapo nimefanya makosa mawili kwa mpigo. La jasho nitalirudia. La upepo ni kwamba lile tairi lililolala ndilo lilikuwa sahihi! Nilichohisi kama gunia haukuwa upepo mdogo. Theluji ikiwa baridi sana haitelezi, inakwaruza kama mchanga mkavu. Tairi halikuwa na hatia.

Mchana pikipiki za theluji zikapita kwa wingi, zikaivuruga njia ikawa kama shamba lililolimwa. Na mimi na matairi yangu magumu nikaanza kuzama. Dawa naijua: fungua kifuniko, bonyeza valvu, hesabu mpaka ishirini, panda uende zako. Lakini valvu imefunikwa na barafu na ili niishike lazima nivue glovu. Nikajiambia nitapunguza kituoni. Nikashuka, nikasukuma. Kilomita kumi na moja nimesukuma baiskeli yenye mizigo kwa kukwepa kuvua glovu dakika moja.

Sasa lile jasho. Ndani nilikuwa nimevaa fulana ya pamba, ile ya mbio za Kilimanjaro Marathon, kwa uzalendo. Pamba ikilowa haikauki. Ukisukuma unaona joto, ukisimama kunywa maji tu unahisi kama mtu kakumwagia ndoo mgongoni. Wenzangu walikuwa na fulana za sufu, na kila mlima ukianza wanafungua zipu na kwenda polepole kusudi. Huku mshindi ni anayejua kutotoka jasho.

Saa mbili usiku friwili ikaachia. Napiga pedeli, zinazunguka bure kama feni. Fundi wewe unajua, vile vijino vya ndani vyenye springi. Grisi ilikuwa imeganda, vijino vimelala havichomoki. Ningeifungua kabla ya mbio nikafuta ile grisi nzito nikaweka mafuta mepesi, hadithi hii isingekuwepo. Chupa ya chai nilikuwa nayo, na ndani, msinicheke, kulikuwa na mtori. Ndizi nimezitafuta wiki nzima. Nikaumwagia kwenye haba ya nyuma, pale kitovuni mwa gurudumu, ukiwa wa moto. Vijino vikashika! Nikaenda kama dakika kumi. Kisha mtori ukaganda.

Nikafika kituo cha pili, kilomita 115 hivi, usiku wa manane, nasukuma. Wakanipa supu na mkate wa jibini. Mzee mmoja wa pale akainama kwenye haba yangu, akakwangua kwa kucha, akanusa. Akaniuliza ni grisi ya aina gani hiyo. Sikumjibu. Nikatoa namba yangu kifuani nikawarudishia.

Mwaka uliofuata nikamaliza, saa thelathini na moja. Haina hadithi.

Chalii_wa_Sakina

MTORI KWENYE HABA 😭😭😭 Arif, nimecheka mpaka konda kanishusha.

Mama_Kelvin_Rau

Mwanangu mama yako anajua? Ndizi zote hizo.

Dada_wa_Njiro

Hongera kaka kwa kurudi tena. Sisi huku Njiro tuna kikundi cha kuendesha Jumapili asubuhi, tunapanda mpaka Ngaramtoni kwa njia za ndani. Wanawake tupo watano. Naomba kuuliza mambo mawili. Mikono inakuwaje? Mimi asubuhi ya Julai tu hapa Arusha vidole vinauma kwenye breki. Na je, mkipita kwenye njia, mnapishanaje na wenye skii?

Mangi_wa_Duluth

Asante dada. Mikono: kuna kama mifuko mikubwa ya kitambaa kizito inafungwa moja kwa moja kwenye usukani, breki na gia zinabaki ndani yake. Unaingiza mkono kama unavyoingiza kwenye tanuri. Ndani unavaa glovu nyembamba tu. Bila hiyo vidole vinaisha nusu saa. Miguu ni buti kubwa na pedeli bapa, na siku za baridi kali ukiona vidole vimeacha kuuma ujue hapo ndipo pa kuogopa, shuka utembee mpaka viume tena. Maji: ile mirija ya kunyonyea inaganda dakika za mwanzo kabisa, kwa hiyo chupa inakaa ndani ya koti. Simu inazima ikiwa na asilimia sitini, nayo inakaa kifuani. Chokoleti inakuwa kokoto, ikate vipande vidogo nyumbani la sivyo utaacha jino.

Kupishana, hapo umeuliza la msingi. Njia nyingi huku zinashindiliwa usiku na watu wa kujitolea kwa mashine, kama zile za Lester Park hapa Duluth. Asubuhi zinakuwa ngumu kama sakafu ya udongo iliyosiribwa. Ukipita na kuona tairi lako linaacha mfereji wenye kina cha zaidi ya inchi moja, unageuza unarudi nyumbani. Hakuna polisi, ni aibu yako tu. Na ile mifereji miwili ya wanaoskii usiikanyage kabisa, ni kama kupitisha ng'ombe kwenye bustani ya mtu.

Mgumu_wa_Kilema

Nimefika kwa kuchelewa, nilikuwa juu siku saba. Nasoma hapa watu wanazungumza theluji kama iko Marekani tu. Yetu hamuioni hapo dirishani?

Mimi nabeba mizigo ya wageni mlimani tangu 1998. Kwa taarifa yenu baiskeli zinapanda huu mlima, na njia yake ni ya Kilema, hapa nyumbani kwetu. Inapandisha mpaka Horombo, mita 3,720. Huyo mgeni wa fundi bila shaka ndiko alikopita. Ila theluji ya kuendeshea Horombo hakuna. Asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, jua likitoka basi. Theluji yenyewe iko kule juu Kibo, na kule mtu anahesabu pumzi, sijui atazungusha pedeli na mapafu ya nani.

Na hiyo iliyopo inaondoka. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliopima wakasema katika barafu iliyokuwepo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imeshapotea kufikia 2007. Mimi sina vipimo, nina macho. Ile ya Furtwängler ndani ya kreta niliikuta ni ukuta, ukipita kando yake unasikia ubaridi wake mpaka kwenye meno. Nimeiona ikipasuka vipande. Safari hii niliyotoka, mgeni kaniuliza "barafu iko wapi?" nikamwonyesha kwa kidole, akadhani namwonyesha jiwe.

Lakini vumbi! Pale tandikoni kati ya Mawenzi na Kibo ni jangwa, vumbi la volkano, changarawe, upepo. Kama hizo baiskeli ni ndugu wa mchanga kama mlivyosema, pale ndipo nyumbani kwao.

Mwalimu_Fizikia

Mgumu pole na safari. Fundi andika na hili pembeni, maana huyo kijana akiipandisha Horombo atakulaumu wewe. Ukipanda mlima hewa ya nje inapungua, kwa hiyo tairi linazidi kuwa gumu lenyewe. Ukijaza tano hapa Moshi mchana, ukifika Horombo hata ukihesabu na baridi ya kule geji itasoma saba na zaidi. Apunguze njiani.

Yaani wenzetu wa theluji tairi linalegea wakitoka nje, sisi wa mlima linakaza tukipanda.

Chalii_wa_Sakina

Wazo: tuipeleke kwenye ule mchanga unaohama kule Olduvai! Kichuguu cheusi cha majivu kinachotembea chenyewe mita kama kumi na saba kwa mwaka. Fundi tukishindana nacho tunashinda.

Mgumu_wa_Kilema

Ile ni hifadhi, chalii. Watakushusha na baiskeli yako watakupeleka kuhojiwa. Mchanga mwingine upo Engare Sero kule Natron, majivu ya Ol Doinyo Lengai tupu. Gari zinakwama pale, mimi mwenyewe nimesukuma.

Fundi_Majengo

Wakuu naleta mrejesho.

Nimepata tyubu nyingine ya 26, nimeweka. Sasa shida ikawa geji. Yangu inaanzia kumi. Mwalimu akanifuata inboksi, akaniambia tafuta mashine ya kupimia presha ya watu, ile ya kufunga mkononi yenye saa ya duara. Akasema inaishia 300, na hizo 300 ni sawa na 5.8 za kwetu. Tano ni kama 260. Nilidhani ananitania.

Shemeji yangu ni muuguzi mstaafu, anayo moja ya zamani, kile kitambaa chake kimeshaliwa na panya lakini saa nzima. Nimekata mpira wake, nimeuunganisha na mpira wa pampu ya mguu kwa kipande cha bomba la kalamu na waya wa kufungia. Nimejaza, nimechomeka, mshale ukapiga ukutani. Nikawa naachia upepo kwa njiti ya kiberiti kidogo kidogo, shemeji ameshika saa anasoma kwa sauti kama yuko wodini: "Mia tatu... mia mbili themanini... mia mbili sitini, acha hapo!" Akaongeza, "Huyu mgonjwa angekuwa binadamu ningemlaza."

Jana alfajiri nimeichukua mpaka barabara za mashamba za kuelekea TPC, kiwanda cha sukari, zile ambazo malori ya miwa yanasaga udongo unakuwa poda. Nimekwenda na mwanangu, yeye na Phoenix yangu. Mnajua vumbi la pale, linafunika kifundo cha mguu. Mwanangu hatua ishirini tu kashuka, tairi la mbele limezama limegeuka upande. Mimi nimepita. Sijaenda kwa kasi, nisiwadanganye, ni kama kutembea juu ya godoro, na mapaja leo yananiuma. Ila nimepita mpaka mwisho bila kuweka mguu chini. Nikarudi kuangalia alama. Yake ni mfereji, kidole cha kati kimeingia chote. Yangu nimepima, haijafika pingili moja ya kidole. Mangi, hapo kwenu wangeniruhusu kupita?

Mangi_wa_Duluth

Wangekuruhusu fundi, na kahawa wangekupa. Hiyo ya mashine ya presha naipeleka kwa wenzangu wa huku kesho, wamenunua geji kwa dola hamsini.

Friwili umeifungua lakini? Kama mgeni alikuwa anaiendesha kwao kwenye baridi, huenda ina mafuta mepesi sana. Kwa vumbi na joto la Moshi yatakauka upesi. Weka grisi, wewe huna shida ya kuganda.

Fundi_Majengo

Nimefungua. Ni kweli, ndani kulikuwa na mafuta kama ya cherehani. Nimesafisha kwa petroli nimeweka grisi kiasi. Mtori sijaweka.

Mama_Kelvin_Rau

Fundi kabla mwenyewe hajaja, naomba nije na mikungu miwili tu tuone.

Fundi_Majengo

Umechelewa dada, anakuja kesho asubuhi. Hofu yangu ni akishaondoka hapa atapita kituo cha mafuta, wale vijana wa upepo wakiona tairi limelegea watalijaza bila kuuliza, kama nilivyofanya mimi. Nimekata kipande cha boksi, nimeandika kwa makapeni nyekundu, nimekifunga kwenye usukani kwa waya: PRESHA 260. USIJAZE. ULIZA FUNDI MAJENGO.

Mama wa chipsi amekisoma akaniuliza ni baiskeli ya nani inaumwa.